Asilimia ya Nini? Bei, Mauzo na Swali Linalosahaulika

Kwa muda mrefu nimekuwa na hamu ya kuandika juu ya asilimia. Kazi yangu ni kuunda programu za kompyuta, na nyingi ya hizo ni za wafanyabiashara wadogo wa huku Bombolulu na mitaa ya jirani: duka la rejareja, mwenye stoo ya saruji, fundi wa simu. Watu hudhani kazi hii ni ya kukaa na tarakilishi usiku kucha ukipambana na mambo mazito yasiyoelezeka. Ukweli ni kwamba maswali mengi ninayoulizwa ni yale yale ya darasa la saba. Bei imepanda kwa asilimia ngapi? Nikishusha bei kidogo nitauza zaidi, lakini je, nitapata zaidi? Kodi ikiongezwa, bei mpya ni ipi?

Maswali haya ni mepesi kuyauliza na ni mepesi kuyakosa. Na anayeyakosa si lazima awe hajui kuzidisha na kugawanya, kwa maana siku hizi simu itamfanyia. Kinachosahaulika ni swali moja dogo linalotakiwa kuja kabla ya hesabu yoyote: asilimia ya nini?

Lisikilize neno lenyewe: asilimia. Utasikia ndani yake asili na mia. Chimbuko la neno nawaachia wanaisimu. Mimi nalitumia kama ndoana ya kumbukumbu. Wenzetu wa Tanzania, ambao husoma hisabati ya shule ya msingi kwa Kiswahili, nambari ya chini ya sehemu huiita asili, na ya juu huiita kiasi. Sisi wa Kenya hisabati tuliisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo bahati hiyo imetupita. Ni hazina kubwa, maana katika asilimia asili ndiyo kila kitu. Asili ni kiasi kilichokuwapo kabla ya badiliko. Ukikijua, umemaliza nusu ya swali.

Kanuni yenyewe ni hii, na ndiyo ninayoiandika kwenye programu:

badiliko = (mpya - asili) / asili * 100

Jibu likiwa chanya, kitu kimepanda. Likiwa hasi, kimeshuka. Hakuna kanuni nyingine ya siri.

Kupanda na kushuka si njia moja

Tuanze na matatu. Tuseme nauli ya kutoka Bombolulu hadi mjini ni shilingi 50. Mvua inanyesha, magari yanakwama kabla ya daraja la Nyali, na makanga anatangaza 80. Nauli imepanda kwa shilingi 30 juu ya asili ya 50, nayo ni asilimia 60. Kesho yake jua linawaka na nauli inarudi 50. Imeshuka kwa ngapi? Wengi watajibu 60, kwa sababu imerudi pale pale. Lakini sasa asili imehama. Leo asili ni 80, na 30 kwa 80 ni asilimia 37.5.

Shilingi ni zile zile 30, kwenda na kurudi. Asilimia ni mbili tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia bei ilipanda kwa asilimia 60 na sasa imeshuka kwa asilimia 60, usishangilie kwamba mambo yamerudi kawaida. Nauli ya 80 ikishuka kwa asilimia 60 inakuwa shilingi 32, na makanga wa nauli hiyo mimi bado sijamwona.

Jambo jingine linalowachanganya wengi limo katika lugha yetu yenyewe: tofauti ya kwa na hadi. Mauzo ya siku yalikuwa shilingi 10,000. Ukisema yameshuka kwa asilimia 30, yamebaki 7,000. Ukisema yameshuka hadi asilimia 30, yamebaki 3,000. Herufi chache tu zimekula shilingi 4,000. Ninapompa mtoto wa jirani swali la hesabu, kwanza namwambia apigie mstari maneno kwa, hadi na ya, kisha ndipo aanze kutafuta nambari.

Kodi iliyoongezeka maradufu

Tuje kwenye mfano uliotugusa sote. Mwezi Septemba 2018 serikali ilianza kutoza mafuta ya gari VAT ya asilimia 8. Kisha, kuanzia tarehe 1 Julai 2023, kiwango hicho kikapelekwa hadi asilimia 16. Maneno yaliyotawala mitaani yalikuwa haya: kodi ya mafuta imeongezeka mara mbili. Na ni kweli tupu. Kutoka 8 hadi 16 ni ongezeko la asilimia 100.

Lakini kuna waliosikia asilimia 100 wakafikiri ni bei itakayopanda hivyo, na wengine waliotoa 8 kwenye 16 wakasema bei itapanda kwa asilimia 8. Wote wawili hawakuuliza asili. Kiwango cha kodi huhesabiwa juu ya bei isiyo na kodi. Chukua mafuta ya shilingi 100 kabla ya VAT. Zamani ulilipa 108. Kuanzia Julai 2023 ukalipa 116. Kwako wewe uliyeko kituoni na gari lako, asili ni ile 108 uliyoizoea. Badiliko ni 8 kwa 108, yaani asilimia 7.4.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Petroli jijini Nairobi mwezi Juni 2023 ilikuwa shilingi 182.04 kwa lita. Bei iliyotangazwa kuanzia tarehe 1 Julai ilikuwa 195.53. Toa, gawanya kwa 182.04, na utapata 7.4. Dizeli ilitoka 167.28 hadi 179.67: tena 7.4. Mimi hupenda sana pale karatasi na dunia zinapokubaliana namna hii.

Sasa tazama kinyume chake. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, VAT ya kawaida ilipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Ilishuka kwa ngapi? Kuna majibu matatu, na yote ni sahihi. Kiwango kilishuka kwa pointi 2 za asilimia. Kodi yenyewe ilishuka kwa asilimia 12.5, maana 2 kwa 16 ni hivyo. Na bei ya mnunuzi, iwapo mwenye duka angepunguza kama ilivyotakiwa, ingeshuka kutoka 1,160 hadi 1,140, ambayo ni asilimia 1.72. Mwanasiasa atachagua ile 12.5. Mnunuzi mwenye mfuko mtupu ataiona ile 1.72 na kuuliza punguzo liko wapi. Tarehe 1 Januari 2021 kiwango kilirudi 16, na ile shilingi 20 ikawa ongezeko la asilimia 1.75, kwa sababu safari hii asili ilikuwa 1,140.

Kwa wenye maduka, VAT ina mtego mwingine. Bei ya rafuni tayari imebeba kodi. Mwenye duka anauliza: katika mauzo haya ya mwezi, kodi ni ngapi? Anachukua jumla, tuseme 580,000, anazidisha kwa asilimia 16 na kupata 92,800. Hapo amehesabu asilimia 16 ya kitu chenye kodi ndani yake. Asili inayotakiwa ni bei kabla ya kodi. Kuipata unagawanya kwa 1.16: ni 500,000. Kodi ni 80,000. Tofauti ni shilingi 12,800 kwa mwezi mmoja, hata kabla hajatoa kodi aliyoilipa alipokuwa ananunua bidhaa zake. Hiyo ni pesa ya kumlipa kijana wa dukani siku kadhaa.

Hamri la shilingi kumi

Nimefika mahali ninapopapenda zaidi. Karibu na ninapoishi yuko mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Kila anayeteremka kwenda kazini upande wa barabara ya Malindi anamjua kwa harufu ya iliki kabla hajamwona. Hamri lake lilikuwa shilingi 10. Siku moja unga ulipanda tena, mafuta ya kupikia nayo yakafuata, akaniita.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta. Niambie, nikiuza kumi na tano nitawakimbiza wangapi?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wenye ofisi. Hakuuliza kama atawakimbiza watu. Hilo alilijua. Aliuliza ni wangapi anaweza kuwapoteza na bado asimame. Kwa hiyo tuliandika nambari zake nyuma ya kalenda, na kwa ruhusa yake naziweka hapa, nimezikadiria kidogo ili zifuatike kwa urahisi.

Zamani aliuza mahamri 200 kwa siku. Mauzo: shilingi 2,000. Gharama za unga, sukari, nazi, mafuta, iliki na makaa: 1,400, yaani shilingi 7 kwa kila hamri. Faida: 600.

Baada ya bei za vitu kupanda, gharama zilifika 1,700, yaani 8.50 kwa kila hamri. Tazama sasa. Gharama zimepanda kwa asilimia 21. Mauzo hayakubadilika hata senti, bado ni 2,000. Faida imetoka 600 hadi 300, imeshuka kwa asilimia 50. Kwa mtu anayepita anaona foleni ile ile na kikapu kile kile kinaisha saa ile ile, biashara ni nzuri. Nyumbani kwake nusu ya riziki imekwenda.

Ndiyo maana nasisitiza watu watenge maneno. Neno mapato tunalitumia kiholela. Mara ni pesa yote iliyoingia, mara ni kile kilichobaki. Katika makala hii mauzo ni pesa yote iliyoingia, na faida ni kilichobaki baada ya gharama. Kila moja ina asili yake.

Njia ya kwanza ilikuwa hiyo ya 15. Tatizo la hamri ni kwamba haliwezi kupanda kwa asilimia 10 tu. Hakuna anayelipa shilingi 11 kwa hamri. Sarafu ndogo inayotembea sana ni ya 5. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa kutoka 10 ni 15, na hiyo ni asilimia 50! Tajiri mwenye kiwanda anaweza kuongeza bei kidogo kidogo. Mama wa mahamri analazimishwa na sarafu kuruka.

Haya, akiruka, anaweza kupoteza wangapi? Kama lengo ni mauzo yale yale ya 2,000, gawanya kwa 15: ni mahamri 134. Anaweza kupunguza 66, yaani theluthi ya mahamri yake. Kumbuka bei imepanda kwa asilimia 50, lakini idadi inayoweza kupotea ni asilimia 33, wala si 50. Ni ule mchezo wa matatu tena.

Lakini yeye hali mauzo, anakula faida. Kwa bei ya 15 na gharama ya 8.50, kila hamri linaacha 6.50. Kupata faida yake ya zamani ya 600 anahitaji kuuza 93 tu. Yaani anaweza kupoteza zaidi ya nusu na bado apeleke nyumbani alichozoea. (Hapa nimechukulia kwamba akikaanga machache gharama zinapungua kwa kadiri ile ile. Makaa hayafuati sana sheria hiyo, ila unga na mafuta ndiyo yanayokula pesa nyingi.)

Nilimwonyesha. Akatikisa kichwa. "Nusu ya watu wangu waende wapi? Wakizoea kwa mwingine hawarudi." Na hilo haliko katika kanuni yoyote niliyoiandika hapo juu.

Njia ya pili ni ile wanayoitumia wengi kimya kimya: bei ibaki 10, hamri lipungue. Tuseme lilikuwa la gramu 50, sasa liwe la gramu 40. Limepungua kwa asilimia 20. Je, bei imepanda? Ndiyo, na kwa asilimia 25. Mwanzo mteja alilipa senti 20 kwa gramu, sasa ni senti 25. Huu ndio mchezo wa sabuni zinazokonda na pakiti za biskuti zenye hewa nyingi: sisi tunaangalia bei, wao wanabadilisha asili. Kwa mama yetu, gharama ingeshuka hadi 6.80 kwa hamri, na kwa mahamri 200 faida ingekuwa 640. Kwa hesabu ni njia nzuri sana.

Aliikataa kabla sijamaliza sentensi. "Hamri la kupeperuka na upepo? Wateja wangu wana macho."

Njia ya tatu aliileta mwenyewe: moja 15, mawili 25. Wengi hununua mawili hata hivyo. Anayenunua mawili analipa 12.50 kwa hamri, ongezeko la asilimia 25. Ruko limepungukiwa nusu, na sarafu hazijavunjwa. Mauzo ya 2,000 sasa yanahitaji mahamri 160, yaani anaweza kupoteza asilimia 20. Faida ya 600 inahitaji mahamri 150, yaani anaweza kupoteza asilimia 25, maana kila moja linaacha 4.

Baada ya wiki mbili hivi hali ilitulia kwenye mahamri 160 kwa siku, karibu yote yakiuzwa mawili mawili. Bei juu kwa asilimia 25, idadi chini kwa asilimia 20. Mtu anayejumlisha haraka atasema mauzo yamepanda kwa asilimia 5. Hapana. Asilimia za namna hii hazijumlishwi, huzidishwa. 1.25 mara 0.80 ni 1 kamili. Mauzo yangekuwa 2,000 zile zile, gharama 1,360, na faida 640.

Umeona? Ni faida ile ile ya njia ya pili. Si ajabu, kwa sababu mahamri 200 yaliyopunguzwa kwa asilimia 20 na mahamri 160 kamili yanakula unga ule ule. Hisabati ilizipa njia zote mbili alama sawa. Aliyechagua ni yeye, kwa sababu anawajua watu wake.

Nimeandika "yangekuwa" kwa makusudi. Kuna watoto wa shule wanaokuja na shilingi 10 mkononi, na kwa bei mpya hawapati hata moja. Hao hakuwabadilishia bei. Kama kumi hivi kila asubuhi hupewa hamri kamili kwa 10. Kwa hiyo hesabu yake halisi ni mahamri 150 kwa 12.50, ambayo ni 1,875, pamoja na mahamri kumi kwa 10, ambayo ni 100. Jumla 1,975. Ondoa gharama 1,360, anabaki na 615. Mauzo yamepungua kwa asilimia 1.25 kuliko zamani, na faida imepanda kwa asilimia 2.5. Ukichukua asili kuwa zile siku mbaya za faida ya 300, faida imepanda kwa asilimia 105. Nambari zote hizi ni za kikapu kimoja, asubuhi moja.

Na ile huruma kwa watoto inamgharimu shilingi 25 kwa siku. Nilimtajia. Akasema, "Hiyo usiiandike kwenye hasara." Sikuiandika.

Dola inaposhuka

Mfano wa mwisho unanigusa mimi mwenyewe na wenzangu wengi tunaofanyia kazi wateja wa nje tukiwa hapa hapa Pwani. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 160. Katikati ya mwaka huo huo ilikuwa takriban 130. Kwa anayenunua bidhaa kutoka nje ilikuwa faraja. Kwa anayelipwa dola 500 kwa kazi, 80,000 zikawa 65,000. Dola ilishuka kwa asilimia 18.75.

Sasa ukitaka kumwomba mteja akuongezee ili urudi pale ulipokuwa, umwombe asilimia ngapi? Ukiomba 18.75 utapata dola 593.75, ambazo kwa 130 ni shilingi 77,187. Bado unadai. Unahitaji 160 gawanya kwa 130, yaani ongezeko la asilimia 23.1. Na hiyo 23.1 ndiyo kiasi ambacho shilingi ilipanda ikipimwa kwa dola. Gazeti moja linaweza kuandika dola imeshuka kwa asilimia 18.75, jingine liandike shilingi imepanda kwa asilimia 23.1, na hakuna lililodanganya. Kila moja limechagua asili yake.

Kadiri anguko linavyokuwa kubwa ndivyo kupanda kunavyokuwa kugumu. Ukishuka kwa asilimia 10, unahitaji 11.1 kurudi. Ukishuka kwa 50, unahitaji 100. Ukishuka kwa 80, unahitaji 400. Wafanyabiashara waliopitia miezi ya korona bila watalii wanaijua jedwali hii bila kuisoma.

Kwa wanaoandika programu

Wenzangu waundaji wa programu, nina machache kwenu kutokana na kazi hii.

Hifadhi bei ya zamani na bei mpya. Asilimia ikokotolewe pale inapohitajika. Ukihifadhi "imepanda 20%" peke yake, baada ya mwezi hakuna atakayejua ni 20 ya nini.

Pesa iwe katika senti, kwa nambari nzima. Tarakilishi huhesabu kwa msingi wa mbili, na sehemu ndogo kama 0.1 haiwezi kuiandika kikamilifu. Jaribu kujumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python uone mkia utakaotoka. Kukadiria nambari kuwe mwisho kabisa wa hesabu.

Asili ikiwa sifuri, usigawanye. Bidhaa iliyoanza kuuzwa mwezi huu haina asilimia ya ongezeko kwa mwezi uliopita. Andika "mpya" na uendelee.

Na kwenye skrini usimwulize mwenye duka "badiliko %?" Mwulize maswali mawili: bei ya zamani ni ngapi, bei mpya ni ngapi. Asilimia ni kazi ya mashine. Hata asiye na programu anaweza kufanya hivi katika lahajedwali, zile karatasi za visanduku kwenye kompyuta: bei ya zamani A2, bei mpya B2, na kwenye C2 andika =(B2-A2)/A2, kisha chagua alama ya asilimia.

Maswali ya kujipima

Yafanye kwanza kwa kalamu, ukianza kila moja kwa kuandika asili ni ipi.

1. Duka la leso la Biashara Street linaongeza bei ya doti ya shilingi 1,000 kwa asilimia 20, kisha linatangaza punguzo la asilimia 20. Mteja analipa ngapi?

2. Dereva wa tuktuk anapandisha nauli kutoka 100 hadi 150. Safari zake zinapungua kutoka 40 hadi 30 kwa siku. Mauzo yamebadilika kwa asilimia ngapi?

3. Feni inauzwa 2,320 pamoja na VAT ya asilimia 16. Kodi ni shilingi ngapi?

4. Punguzo la asilimia 50, na juu yake asilimia 20 zaidi ya bei iliyobaki. Punguzo lote ni asilimia ngapi?

Majibu: (1) Shilingi 960, chini ya bei ya mwanzo kwa asilimia 4. (2) Kutoka 4,000 hadi 4,500, ongezeko la asilimia 12.5. (3) Shilingi 320, maana bei bila kodi ni 2,000. (4) Asilimia 60.

Ukiyapata yote manne, tafuta jirani mwenye kibanda ukae naye nusu saa na kalamu. Mwulize kwanza faida yake ya siku ni ngapi. Utashangaa ni wangapi watakaokutajia mauzo. Hapo ndipo pa kuanzia.